Mtoto Niliyemhesabu Mara Mbili

Alhamisi, saa kumi. Mvua tangu asubuhi.

Mvua ya leo haina hata ngurumo. Inanyesha tu, sawasawa, bila haraka, na ziwa limepotea. Nikitazama kutoka hapa mlangoni naona mitumbwi miwili iliyopinduliwa, na baada ya hapo ni weupe mtupu. Wauza samaki wa Kashikishi watakuwa wanalia, maana leo hakuna kinachokauka. Nimerudi kutoka ofisini mapema, nimeketi kizingitini na karatasi magotini, na sina hamu ya kitu chochote, hata ya kuvua viatu vilivyoloa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Nchelenge wanaosoma Kibemba ni wengi na wanaosoma Kiingereza wanaongezeka. Kiswahili wanakitumia kwa kununua na kuuza tu. Mimi nilijifunza kukiandika ng'ambo, upande wa Wabelgiji, nilipokuwa kijana nafanya kazi kwa mfanyabiashara wa samaki, na mke nilimpata hukohuko, Pweto. Yeye anakisema vizuri kuliko mimi lakini hakufundishwa kusoma. Kwa hiyo hapa ndipo mahali pangu pa kusema ukweli bila mtu kuchungulia. Leo ukweli ni mwingi kuliko ninavyoweza kuubeba.

Nimemhesabu mtoto wangu mara mbili.

Ngoja nianze mahali panapoeleweka, kwa sababu hata mimi mwenyewe nahitaji kuelewa.

Mwaka jana surua ilipita kando ya ziwa hili, na ilipoondoka iliacha watoto wasioona. Si wote. Wengine walipona wakawa kama hawajawahi kuumwa. Daktari mzungu anayezunguka wilaya aliuliza swali ambalo kila mama alikuwa analiuliza: kwa nini huyu na si yule? Akatafuta makarani wawili wa kumhesabia. Mmoja ni mimi, mwingine ni Chola, kijana aliyeletwa kutoka bara, hajui mtu huku. Tulipewa daftari moja moja. Chola akaenda Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, mimi nikabaki nchi kavu, kutoka hapa mpaka Kashikishi. Kwa kila mtoto aliyeumwa surua hadi macho yakavimba, tuliandika jina, umri, habari za wazazi, kama anaona au haoni, na kama alitiwa dawa ya majani machoni.

Safu hiyo ya mwisho haikuwamo kwenye karatasi ya daktari. Niliiomba mimi. Nilimwambia wako akina mama wazee wanaokamua majani machoni mwa watoto, tuwaulizie na hao. Akanisifu mbele ya Chola, akasema hilo ni wazo la mtu anayefikiri. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyenunua kofia mpya.

Sikuwa nafikiri. Nilikuwa na hasira.

Hasira yangu ni hii. Surua ilipoanza, mke wangu, Mama Agnesi, alikuwa Kilwa kwa mama yake, aliyehamia huko kutoka Pweto, pamoja na watoto wetu wawili. Mimi nilikuwa Puta, ufuko mwingine wa ziwa hili, na mashua ya injini ya ofisi, nahesabu nyavu za wavuvi. Nilipomaliza nikapita kisiwani kuwachukua. Nilipoingia uani nilimkuta mama mkwe amempakata Agnesi, binti yetu wa miaka sita, anamkamulia majani machoni. Maji ya kijani yalikuwa yanamtiririka mtoto mpaka shingoni. Macho yenyewe yalikuwa na weupe. Kwenye dispensari waliniambia yamekwisha, nisihangaike kumpeleka mbali.

Tangu siku ile sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa nimemwona.

Na sikumuuliza neno. Kwetu mkwe hasemi na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani anaingia kichakani kumpisha, mpaka siku ukoo wa mke unapompikia na kumwingiza kwa heshima zote. Mimi sijapikiwa hadi leo. Kila mwaka walisema mwakani, na mimi sikuwasukuma, maana desturi hiyo ni starehe kubwa kwa mtu asiyempenda mama mkwe wake. Siku ile nilimchukua mtoto kutoka mikononi mwake nikiwa nimegeuza uso pembeni, kama inavyotakiwa. Ningeweza kumuuliza kupitia kwa mke wangu. Wote hufanya hivyo. Lakini desturi ilinipa mahali pa kujificha, nikajificha. Na tulipogawana kazi ya daktari, ndiyo sababu kisiwani alikwenda Chola. Ningekaaje na daftari mbele ya mwanamke nisiyeruhusiwa hata kumtazama?

Basi, tulihesabu. Haikuwa kazi nyepesi. Miaka hii ya Shirikisho, tangu wazungu watuunganishe na walowezi wa kusini, mtu akiona karani na penseli anadhani anaandikiwa kuhamishwa, na nyumba nyingine walitujibu kupitia mlango uliofungwa. Tulipata watoto ishirini.

Ishirini ni wachache, daktari mwenyewe alisema. Aliniachia kitabu chembamba cha hesabu chenye majedwali ya namba nyuma, akaniambia nichague mwenyewe kipimo kinachofaa na nimwonyeshe sababu. Kesho anakuja na lori kuchukua jibu. Kipimo kikionyesha kwamba dawa ya majani na upofu vinakwenda pamoja, atamwandikia chifu na watu wa boma, na wazee waliotajwa kisiwani wataitwa barazani, kisha huenda wakafukuzwa. Mama mkwe ni wa kwanza kwenye orodha. Mke wangu analijua hilo. Juzi alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia, akasema:

"Kama batafukuza mama kule kisiwa, miye nitaenda naye. Na batoto bataenda na miye."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, ningejua la kujibu.

Leo asubuhi nilianza na kai-mraba. Ndicho kipimo ambacho kila anayefungua kitabu kile anaanza nacho. Unachora jedwali la vyumba vinne. Juu niliweka waliotiwa dawa: sita hawaoni, watatu wanaona. Chini wasiotiwa: wawili hawaoni, tisa wanaona. Kisha unajiuliza, kama dawa haina habari yoyote na macho, kila chumba kingekuwa na wangapi? Unapima umbali kati ya ulichokiona na ulichotarajia, unajumlisha vyumba vyote, unapata namba moja. Kwa jedwali kama langu, kitabu kinasema namba hiyo ikizidi tatu nukta nane nne, bahati peke yake ingeileta chini ya mara moja kati ya ishirini, na hapo unaruhusiwa kusema vitu hivi viwili vina uhusiano.

Nilipata nne nukta nane tano.

Nitaandika kitu ambacho sitakisema hata kwa padri. Nilifurahi. Niliweka penseli chini nikacheka peke yangu, picha ya malkia kijana ikinitazama kutoka ukutani. Binti yangu haoni, na mimi nacheka kwa sababu namba moja imezidi nyingine. Mama mkwe alikuwa na hatia, tena kwa wino, tena kwa kitabu cha wazungu, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema ni chuki za mkwe.

Halafu nikasoma aya inayofuata.

Aya hiyo inaonya kwamba kai-mraba haiaminiki ikiwa chumba chochote kinatarajiwa kuwa na chini ya watano. Nikarudi kwenye jedwali. Kati ya watoto wanane wasioona, ambao kwa bahati tu wangeangukia upande wa dawa ni watatu na nusu hivi. Kai-mraba imetengenezwa kwa ajili ya umati wa watu, na watoto wangu wanajaa kwenye mtumbwi mmoja. Mwanafunzi yeyote angeliona hilo kabla ya kuanza. Mimi nililiona baada ya kucheka.

Kitabu kina sahihisho kwa majedwali madogo: unapunguza nusu kwenye kila umbali kabla ya kuendelea. Nikafanya. Namba ikashuka mpaka tatu na kidogo, chini ya mstari. Mama mkwe akawa hana hatia. Sikucheka safari hiyo. Nilihisi nimeibiwa.

Nikafungua ukurasa wa kipimo kamili, kile kinachofaa watu wakiwa wachache. Hiki hakikadirii. Kinauliza hivi: ukichukua watoto wanane wasioona na kumi na wawili wanaoona, ukawagawa bila kuangalia, tisa huku na kumi na mmoja kule, kuna njia ngapi za kuwagawa? Na katika njia hizo, ngapi zinaleta mgawanyiko mbaya kama ule tuliouona, au mbaya zaidi? Njia zote ni laki moja sitini na saba elfu mia tisa na sitini. Nilizitafuta kwa mkono, kurasa mbili za kuzidisha na kugawanya, na nilirudia mara mbili kuhakikisha. Ukihesabu upande mmoja tu, ule wa dawa kudhuru, unapata nne kati ya mia, na mwanamke ana hatia. Ukihesabu pande zote mbili, kwa kuwa huenda dawa inadhuru na huenda inasaidia, unapata sita na nusu kati ya mia, na huna ruhusa ya kusema kitu.

Nikaushika ule upande mmoja kwa nguvu zote. Nani asiyejua kwamba majani yanadhuru, nikajiambia. Nikajiuliza ni nani hasa anayejua, na mtu niliyempata ni mimi tu, na mimi najua kwa sababu nilisimama uani dakika moja nikaona maji ya kijani.

Nilikuwa kama mtu wa barazani anayebadilisha mashahidi mpaka apate anayesema anachotaka. Kila kipimo nilikitazama kwanza kinasema nini, ndipo nikatafuta sababu ya kukichagua. Daktari alinipa kazi hii akidhani mimi ni mtu wa haki.

Saa sita nilikwenda nyumbani kula, nikaloa njia nzima. Sijui kwa nini nilijaribu kumweleza mke wangu. Labda nilitaka anihurumie kwa ugumu wa kazi. Nikamwambia achukue samaki ishirini, wanane wameoza, awagawe kwenye vikapu viwili akiwa amefumba macho. Hakuniacha nimalize.

"Baba Agnesi, batoto habako samaki."

Akaniwekea sahani, akatoka na kuketi na Agnesi jikoni. Nilikula vijiko vitatu nikarudi ofisini.

Kuna sharti moja linalotangulia vipimo vyote. Limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza ambao kila mtu anauruka: kila mtoto awe wa peke yake, ahesabiwe mara moja tu. Niliona nihakikishe. Kusema kweli nilikuwa natafuta kosa litakaloniongezea mtoto upande wa dawa. Nikaweka daftari langu na la Chola sambamba, nikapita mstari kwa mstari na rula.

Wa nne, mwandiko wangu: Agnesi, miaka sita, Nchelenge. Haoni. Dawa ndiyo.

Wa kumi na saba, mwandiko wa Chola: Kabwe, msichana, miaka sita, yuko Kilwa kwa bibi. Mama ni mtu wa Pweto. Baba anafanya kazi ya kuandika ng'ambo. Haoni. Dawa ndiyo.

Niliusoma mstari huo mara tatu. Ukiwa kisiwani, ng'ambo ni huku kwetu. Baba anafanya kazi ya kuandika ng'ambo.

Kabwe ni jina la kuzaliwa la Agnesi, kabla ya ubatizo. Ni jina la mama wa bibi yake, na kisiwani hakuna anayemwita jina lingine. Wiki aliyokwenda Chola, mke wangu alikuwa huko na watoto kwa kilio cha mjomba. Watu wa ziwa hili wana nyumba mbili, moja nchi kavu na moja kisiwani, na mtoto ana jina kila upande. Nimezaliwa na jambo hilo, nami nina majina yangu mawili. Bado niligawa kazi kana kwamba maji yanagawa watu, kwa sababu sikutaka kukutana na mama wa mke wangu. Ningekwenda Kilwa mwenyewe ningemkuta binti yangu amekaa pale pale uani. Chola simlaumu, angemjuaje?

Kwa hiyo katika wale sita waliotiwa dawa wakapofuka, mmoja nilimzaa mimi, na mwingine pia.

Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya karani tu. Ningekata mstari mmoja, nikahesabu upya, yakaisha. Lakini pembeni mwa mstari wa kumi na saba kuna maneno ya penseli ambayo sikuwahi kuyasoma. Nilipohamisha alama kwenda kwenye jedwali nilihamisha ndiyo na hapana peke yake. Chola ameandika kwa Kibemba chake kizuri kwamba bibi anasema macho yalikufa siku ya tatu, na majani aliyatia siku ya nne, alipoona hakuna anayekuja.

Siku ya nne.

Nazijua siku hizo nne. Siku ya kwanza mtumbwi ulifika Puta, mpiga kasia ameloa jasho, na ujumbe wa mke wangu: macho ya Agnesi yamefunga, lete mashua tumpeleke dispensari. Wiki hiyo upepo ulikuwa mkali, mtu mzima anavuka kwa kasia akipenda, lakini hakuna ambaye angempakia mtoto mgonjwa. Mashua ya injini ilikuwa moja, na nilikuwa nayo mimi. Nikamwambia yule mtu, waambie wasubiri, namaliza kuhesabu. Surua ni surua, nikasema, watoto wote wanaiugua. Nyavu zilikuwa zimebaki nyingi na nilitaka kurudi na hesabu iliyokamilika.

Mambo mengi nimeyaandika katika shajara hii, hilo sikuwahi kuliandika. Nimefungua kurasa za siku zile kuhakikisha. Nimeandika idadi ya nyavu.

Halafu nikafanya kazi yangu, kwa kuwa hakuna kingine ninachokijua. Nilikata mstari wa nne, ule wa mwandiko wangu, niliouandika bila kumuuliza mtu. Nikabakisha wa kumi na saba. Nikajiuliza nimweke wapi. Jedwali linajua tu kwamba vitu viwili vimekutwa chumba kimoja, halijui kipi kilitangulia kuingia. Dawa iliyokuja baada ya macho kufa haikuyaua. Nikamtoa juu nikamweka chini, pamoja na wale ambao hawakutiwa kitu wakiwa bado wanaona.

Sasa juu ni wanne wasioona na watatu wanaoona. Chini ni watatu wasioona na tisa wanaoona. Watoto kumi na tisa. Nilichukua kipimo kamili, nikahesabu pande zote mbili, na sikujadiliana nacho. Njia ni elfu hamsini mia tatu themanini na nane. Bahati peke yake ingeleta mgawanyiko kama huu au wa kushangaza zaidi karibu mara moja kati ya tatu. Hiyo maana yake hatujui.

Wala haimaanishi kwamba majani ni salama. Hilo nalo linaniumiza. Wako wengine wanne, na pembeni mwa mistari yao hamna maneno, hatukuuliza kipi kilianza. Pengine majani yaliwaharibu kweli. Surua itarudi, na akina mama watakamua majani tena, na mimi niliyepewa kitabu, daftari na mwaka mzima sitakuwa na neno la kuwaambia.

Nilifika nyumbani saa tisa. Mama Agnesi alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mpaka habari ya mtumbwi uliokuja Puta, kana kwamba yeye siye aliyeutuma. Kisu hakikusimama.

"Minajua," alisema. "Mama alinikataza kukuambia."

Nikamuuliza kwa nini. Alichukua muhogo mwingine kwanza.

"Alisema, acha bwana yako akasirike na miye. Miye niko muzee, niko mbali, hata hatusemi na yeye. Akianza kujikasirikia yeye mwenyewe, nani atabeba mutoto?"

Mwaka mzima mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akinisemesha amejua, na amenyamaza, na amekubali niongeze safu kwenye karatasi ya daktari dhidi yake. Angeitwa barazani angekwenda. Nimemwonea, na sijui nitamwangukiaje miguuni mtu nisiyeruhusiwa kukaribia ua wake. Nimemwambia mke wangu nataka kupikiwa, hata kesho kutwa. Alisema atawaulizia. Alisema pia mihogo imechelewa, nimpishe.

Kesho daktari akifika nitampa jedwali la watoto kumi na tisa na kuandika chini yake kwamba ni wachache mno. Nitamweleza kwamba niliomba ile safu kwa chuki, na kwamba nilimhesabu mtoto mmoja mara mbili kwa kumwogopa mama mkwe. Atanicheka au atanifukuza. Habari ya zile siku nne hataiuliza, haina safu. Na hata angeuliza ningemjibu nini? Pengine ningeondoka Puta siku ileile na macho yangekufa vilevile njiani. Pengine angekuwa anaona. Nimekipekua kitabu chote, hakina kipimo cha mtoto mmoja.

Agnesi amekuja sasa hivi, anapapasa ukuta, amefuata mkwaruzo wa kalamu. Ameketi karibu na mguu wangu. Anajua baba yake anahesabu watoto wenye macho mabaya, amewasikia watu wakisema sokoni.

"Tata, miye niko namba ngapi?"

Nilimwambia kumi na saba. Akairudia polepole, kumi na saba, akatabasamu, akanishika goti.

"Nilizani ulinisahau," alisema.